Mkongo ni ule ule, mbona sasa unabeba zaidi?



Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa intaneti kafe hapa Dar, namsaidia mdogo wangu kutuma maombi ya ufadhili wa masomo. Mwisho wa kupokea maombi ilikuwa saa sita usiku wa siku hiyo hiyo. Fomu tumejaza, vyeti tumeskani, tunabonyeza kutuma... kiduara kinazunguka tu. Jamaa wa kafe akazima ruta akawasha, mara tatu. Watu wakaanza kumfokea awarudishie hela zao. Mmoja akamwambia kabisa, "Bosi, unabana matumizi, umenunua kalaini kadogo!"

Baadaye ndio tukajua kumbe mikongo miwili ya chini ya bahari ilikatika kule pwani ya Afrika Kusini. Jamaa alilaumiwa bure. Na dogo akakosa.

Toka siku ile nikawa nasoma haya mambo, na nimeona nishee nanyi.

Kwanza, mkongo wenyewe. Ndani yake kuna nyuzi za kioo, kila uzi mwembamba kama unywele. Picha yako, barua pepe yako, vyote vinageuzwa kuwa mwanga wa leza, mwanga ambao macho yetu hayauoni, unapita ndani ya uzi huo. Kioo chenyewe ni safi ajabu: mwanga ukitembea kilomita 1 unapungua kama asilimia 5 tu. Baharini, kila baada ya kilomita kati ya 60 na 100 hivi, kuna kifaa cha kuupa mwanga nguvu mpya, na umeme wake unatoka nchi kavu kupitia mkongo huo huo.

Wakongwe wa kafe mnakumbuka enzi za dishi. Kabla ya Julai 2009 pwani yetu haikuwa na mkongo wa baharini hata mmoja, tulikuwa tunategemea setilaiti zilizoko kilomita 36,000 juu. Ndio ikaja SEACOM, mwaka huo huo TEAMS ikatua Mombasa, na 2010 EASSy.

Sasa jiulize: toka wakati ule watu wameongezeka, video zimeongezeka, simu ndio usiseme. Mbona mikongo ile ile ya zamani bado inabeba? Hakuna aliyezamia kubadilisha kioo. Kinachobadilishwa ni mashine za kwenye ncha, huku nchi kavu.

Zamani leza ilikuwa inawaka na kuzima, kama mtu anayekupa ishara kwa tochi. Katika uzi mmoja wanapitisha rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, na wakati ule rangi moja ilikuwa inabeba gigabiti 10 kwa sekunde. Miaka ya 2010 mafundi wakaacha kuwasha na kuzima tu. Wakaanza kuchezea nguvu ya wimbi, mahali linapoanzia, na upande linakotikisikia. Mmweko mmoja ukawa na maneno mengi. Rangi moja ikafika gigabiti 100, na leo mashine za 400 na kuendelea zipo kazini.

Tatizo likawa umeme na joto. Kila rangi inataka leza yake, kifaa cha kuandika data kwenye mwanga, na kifaa cha kuisoma upande wa pili. Kabati zima! Ndio wakaamua kufanya kama walivyofanya kwenye kompyuta: kubana vyote kwenye chipu moja ndogo. Mwaka 2005 kampuni ya Infinera ya Marekani ilikuwa tayari inauza mashine yenye chipu ya rangi 10, kila moja gigabiti 10. Siku hizi chipu nyingi zinachongwa kwenye silikoni, ila silikoni haijui kutoa mwanga vizuri, hivyo leza inatengenezwa kwa malighafi nyingine halafu inaunganishwa nayo.

Iliyoniacha hoi ni ya 2022. Watafiti wa Denmark na Sweden walichukua leza moja, wakaipitisha kwenye kipete kidogo sana ndani ya chipu, na ile rangi moja ikazaa rangi 223 zilizopangana kama meno ya kitana. Wakapitisha petabiti 1.84 kwa sekunde. Petabiti moja ni gigabiti milioni moja! Lakini tusidanganyane: ilikuwa maabara, umbali wa kilomita 7.9 tu, na uzi wao ulikuwa maalumu, wenye njia 37 ndani yake.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Chipu hizi haziongezi mwendo wa mwanga. Ndani ya kioo ni kilomita kama 200,000 kwa sekunde, basi. Ni kama kuongeza siti kwenye daladala, siyo kukanyaga mafuta. Na daraja likivunjika, siti hazisaidii kitu. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika Bahari ya Shamu, upande wetu wa kaskazini. Mei, kabla haijapona yote, kusini nako kukakatika. Hapo unasubiri meli ikavue ncha mbili na kuziunganisha.

Kwa hiyo wakija kututangazia terabiti mpya, tupige makofi, halafu tuulize: njia ngapi TOFAUTI zinatoka nchini kwetu? Mikongo kumi inayopita sehemu moja ni kama mmoja tu, nanga moja ikiburuzwa hapo imekula kwetu.

Dogo aliomba tena mwaka uliofuata. Safari hii tulituma wiki mbili kabla, kafe ile ile, kwa jamaa yule yule. Nilimwomba radhi.

Nawasilisha wadau. Wataalamu mniongezee nyama kwenye maoni hapo chini, na nilipokosea mnisahihishe bila matusi. Tupo pamoja.