Usizime TalkBack Ukiambiwa "Bonyeza Moja"

Wiki hii nimeulizwa tena. "Mwalimu, nikipiga huduma kwa wateja wakaniambia nibonyeze moja, nizime TalkBack kwanza?" Aliyeuliza ni mama wa makamo, mfanyabiashara, haoni tangu utotoni. Simu yake anaitumia vizuri kuliko wengi wenye macho: anatuma pesa, anasikiliza magazeti, anapatana bei na wateja wake WhatsApp. Mashine ya kujibu simu ndiyo imemshinda, na mtu fulani amemwambia dawa yake ni kuzima sauti inayomsomea skrini.

Hapana. Usizime. Swali hili nimelijibu darasani, kwenye daladala, hata msibani, na kila ninapolijibu namkuta mwingine ameshazima, ameshindwa, na simu kamkabidhi mjukuu amalizie.

Maelezo yanayoambatana na ushauri huo nayajua kwa moyo, maana kila anayekuja huniletea yaleyale. Eti ukigusa tarakimu, TalkBack hutamka "moja". Sauti yake huchanganyika na mlio wa kitufe. Mashine ya upande wa pili husikia vurugu na kukataa. Yanasemwa na vijana wa maduka ya simu, yanasemwa na mafundi, na kinachoniuma zaidi, yanasemwa na baadhi ya watu wanaolipwa kuwafundisha wasioona. Yanasikika kama utaalamu. Si kweli, na si kweli kwa namna ambayo kila mtu anaweza kuithibitisha kwa dakika moja bila kifaa chochote.

Imani hii ina babu yake, nakubali. Simu za kubonyeza zilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1963, kila kitufe kilitoa milio miwili kwa pamoja: tano, kwa mfano, ni mlio wa hezi 770 na mwingine wa hezi 1336. Milio hiyo ilipita kwenye waya uleule uliobeba sauti ya mtu. Ungeweza kabisa kuchukua kidude kinachotoa milio hiyo, ukakisogeza kwenye mdomo wa simu, na mtambo ukakitii. Kwa simu ya waya, basi, kusema kwamba makelele yanaweza kuvuruga tarakimu si upuuzi mtupu.

Simu iliyo mfukoni mwako haifanyi kazi hivyo. Ukibonyeza tano katikati ya maongezi, simu haipigi mlio na kuupitisha kwenye maikrofoni. Inaupelekea mtandao ujumbe mfupi wa kidijitali, njia yake mbali na njia ya sauti: mteja amebonyeza tano. Mtambo wa kampuni ya simu ndio unaotengeneza ile milio miwili, safi, na kuisukuma mbele kwa mashine uliyoipigia. Wahandisi wa GSM walikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo. Sauti kwenye simu ya mkononi hubanwa sana ili isafiri kwa urahisi, na ubanaji huo umepimwa kwa koo la binadamu. Mlio mtupu ukipitishwa humo unaweza kutoka umepinda. Katika simu zinazopigwa juu ya 4G utaratibu umebadilika sura tu: tarakimu husafiri kama kifurushi chake chenye jina lake, kando ya vifurushi vya sauti. Huo mlio unaousikia sikioni unapobonyeza umetengenezwa na simu yako kwa ajili yako, ujue kidole kimepokelewa.

TalkBack itavuruga kitu gani hapo? Haipo njiani. Inasema "tano" kwenye sikio lako. Ujumbe wa tano unapita kwingine kabisa.

Usinikubalie hivihivi, jaribu. Piga namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wako, weka spika, kisha zima maikrofoni kwa kile kitufe cha kunyamazisha kilicho kwenye skrini ya simu inayoendelea. Sasa hata ukipiga kelele, upande wa pili hausikii kitu. Bonyeza namba ya lugha unayoitaka. Mashine itatii palepale. Kama tarakimu zingepita kwenye maikrofoni, ingekaa kimya.

Nalikazania jaribio hili kwa sababu ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuja kwangu na simu ambayo fundi alikuwa ameibadilishia maikrofoni. Fundi alimwambia maikrofoni imechoka, ndiyo maana benki "haisikii" namba zake. Mzee akalipa. Maikrofoni mpya ikawekwa, benki ikaendelea kukataa. Tulipofanya jaribio la kunyamazisha mbele ya darasa zima, mashine ikatii, na mzee akakaa kimya kwa muda mrefu. Maikrofoni yake ya zamani haikuwa na kosa lolote. TalkBack nayo haikuwa na kosa.

Kuna hali moja tu ambapo sauti ya kisoma skrini yaweza kuingilia: mashine zile zinazosema "taja unachotaka" na kusikiliza maneno yako. Hizo kweli zinatumia maikrofoni, na ukiwa umeweka spika zinaweza kuisikia TalkBack. Vaa eafoni. Basi. Hakuna cha kuzima.

Na kuzima kuna gharama. Kitochi chako cha zamani kilikuwa na kinundu kwenye tano. Kidole kikikipata, namba nyingine zote umezijua. Kioo hakina kinundu. Ukizima kisoma skrini umebaki na kipande cha kioo laini na mashine inayokusubiri sekunde chache kabla ya kukata. Ndipo anaitwa mjukuu, au jirani, au wakala. "Njoo unibonyezee." Naye anabonyeza namba ya siri ya benki, uliyomtajia kwa mdomo, mbele ya kila aliye karibu. Watu wazima wenye akili timamu wanatoa funguo za pesa zao kwa sababu ya ushauri usio na msingi, kisha pesa zikipungua wanaambiwa wasioona hawawezi kutunza siri. Hili linanikera kuliko lolote katika kazi yangu.

Sasa, tarakimu zinakataliwa kwa nini? Karibu kila mara ni kidole. Tumewafundisha watu kwamba kwa TalkBack unagusa, unasikia, unagonga mara mbili. Ni kweli kwa vitufe vingi. Lakini kwenye kibao cha namba za simu, katika simu nyingi za Android, mambo ni tofauti: unatelezesha kidole hadi usikie tarakimu unayoitaka, ukiinua kidole, imeingia. Kuinua ndiko kubonyeza. Anayeinua halafu akagonga mara mbili ameingiza tarakimu ileile zaidi ya mara moja. Namba ya siri yenye tarakimu nne imegeuka kuwa ya nane, mashine inasema si sahihi, na huduma nyingi za pesa hufunga akaunti baada ya makosa matatu. Huyo ndiye aliyekwenda kubadilishiwa maikrofoni. Ukigusa tarakimu usiyoitaka, usiinue. Telezesha kidole hadi utoke nje ya kibao, kisha inua. Na usikawie juu ya kitufe kimoja, maana kukawia huweza kuhesabiwa kama kushikilia, jambo ambalo ni amri nyingine. Simu yako ina tabia gani, kuinua kidole au kugonga mara mbili? Jifunze kwa kupiga huduma kwa wateja, ambako kosa halikugharimu kitu. Usijifunzie benki.

Kwenye iPhone ni kugonga mara mbili, au njia ya haraka zaidi: kidole kimoja kikiwa juu ya tarakimu, kingine kigonge popote kwenye kioo. Ila kugonga mara mbili kwa vidole viwili kwa pamoja hukata simu. Vidole vipishane.

Yaliyobaki nayapitia haraka, maana ni mazoezi tu.

Simu ikiwa sikioni, skrini huzimika yenyewe. Ukiitoa inawaka, lakini kwenye Android sauti inabaki kwenye spika ndogo ya sikio, kwa hiyo huisikii mashine unapotafuta kibao. Weka spika au vaa eafoni tangu mwanzo wa simu. iPhone yenye VoiceOver, kisoma skrini chake, huweza kuhamia spika yenyewe ukiitoa sikioni. Mpangilio wake uko kwenye sehemu ya sauti ya VoiceOver. Skrini ikikataa kuwaka, futa au badilisha protekta, huenda imeziba kihisi kilicho karibu na spika ya sikio. Usibonyeze kitufe cha pembeni ili kuiamsha: kwenye iPhone, na kwenye Android iliyowekwa hivyo, kitufe hicho hukata simu. Tabia hiyo huzimwa kwenye mipangilio ya ufikivu.

Fungua kibao cha namba mara simu inapopokelewa, kabla mashine haijamaliza salamu zake. Sauti mbili zikigongana, gusa kioo mara moja kwa vidole viwili na kisoma skrini kitanyamaza. Kwenye Android ishara hii inahitaji TalkBack ya miaka ya karibuni. Mashine nyingi zinakubali tarakimu hata kabla hazijamaliza kuongea, kwa hiyo ukishajua Kiswahili ni moja, bonyeza usisubiri. Zikitaka alama ya reli mwishoni, usiisahau. Bila hiyo zinaendelea kungoja.

Namba unazozibonyeza kila wiki, zihifadhi. Mkato mmoja baada ya namba ya simu ni kusubiri sekunde mbili. Namba ya ofisi, mikato miwili, halafu 204, na simu itapiga, itangoja sekunde nne, itaingiza namba ya ndani ya mtu wako bila wewe kugusa chochote. Nuktamkato humaanisha ngoja mpaka nikuambie: simu itakuuliza kabla ya kutuma tarakimu zilizobaki, na hiyo ni nzuri pale ambapo hujui salamu zitachukua muda gani. Kwenye iPhone, shikilia nyota upate mkato, shikilia reli upate nuktamkato. Kwenye Android ziko kwenye menyu ya kibao cha kupigia. Mikutano ya mtandao unayoingia kwa simu ya kawaida inafaidika sana na jambo hili, kwa kuwa namba zake ni ndefu.

Namba ya siri usiihifadhi humo kamwe. Na kumbuka kibao cha simu hakifichi tarakimu kama programu ya benki inavyoficha: kinazionyesha kwenye skrini na kisoma skrini kinazitamka. Eafoni masikioni, pazia la skrini, lile linalozima kioo huku kisoma skrini kikiendelea, liwe limeshushwa.

Wanaoniambia "lakini *150*00# mbona inanikubalia?" wajue hiyo ni menyu ya pesa, si simu iliyopigwa. Ni maandishi yanayokwenda na kurudi, na unajibu kwenye kisanduku. Pale unaandika kwa kibodi kama unavyoandika ujumbe.

Mwalimu mstaafu alirudi baada ya siku tisa. Alikuwa amepiga benki akiwa peke yake chumbani, TalkBack ikiwa imewashwa, eafoni masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu aache kuona akabadilisha namba yake ya siri mwenyewe. Ile ya zamani, alinihesabia kwa vidole, ilikuwa inajulikana na watu watano.