Mcheza Ugenini: Salsa, Benga na Adabu za Ukumbi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kuhusu achezaye ugenini methali hiyo haisemi lolote. Makala haya yanamwangazia huyo wa pili. Na tuchukue mfano wa kijana aliyelelewa Magunga, kwenye vilima vya Gwassi katika Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay, ambaye anajikuta Nairobi usiku mlangoni pa ukumbi unaochezwa salsa, asimjue yeyote ndani. Yamkini atahisi kwamba amevamia starehe ya watu wengine. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba muziki wenyewe si mgeni kwake kama anavyodhani. Kilicho kigeni ni taratibu za kuombana na kuachana, na hizo ndizo zinazohitaji maelezo.

Ifahamike kwanza kwamba jina salsa lilienea katika miaka ya 1970 kutoka New York, ambako kampuni ya Fania, iliyoasisiwa mwaka 1964, iliuza muziki wa wahamiaji kutoka Puerto Rico na Kuba. Mzizi wake mkuu ni son ya mashariki mwa Kuba, ambamo gitaa la Kihispania lilikutana na ngoma za vizazi vya Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Kuanzia mwaka 1933, santuri za mfululizo wa GV ziliurudisha muziki huo Afrika. Wanamuziki wa Kongo waliufinyanga upya wakauita rumba, na mwaka 1960 Joseph Kabasele na kundi lake la African Jazz wakausherehekea uhuru wa nchi yao kwa mdundo wa chacha. Huko Morogoro, Salum Abdallah aliliita kundi lake Cuban Marimba, jina ambalo halihitaji ufafanuzi. Septemba 1974 Fania All Stars, wakiwa na Celia Cruz, walitumbuiza Kinshasa katika tamasha moja na TPOK Jazz ya Franco. Katika muongo huo huo makundi ya Kikongo, Super Mazembe likiwa mojawapo, yalihamia Nairobi, na nyimbo zao zikasikika redioni hadi vijijini.

Benga nayo ilikulia katika hewa hiyo hiyo. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940 na kufariki mwaka 2006, alikuwa miongoni mwa waliolifanya gitaa liige nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo mpigaji wake huigonga kwa pete ya chuma iliyovikwa kidole gumba cha mguu. Rumba ilikuwa jirani wa muziki huu tangu mwanzo. Abasuba, ambao wengi wao waliacha lugha yao ya Kibantu na kushika Kiluo katika vizazi vichache, hawahitaji kuhubiriwa jinsi cha jirani kinavyogeuka kuwa cha nyumbani.

Hata hivyo, sikio lililozoea benga linaweza kumponza mwenyewe. Mdundo wa benga humsukuma mchezaji mbele bila kumwachia pumzi. Mguu hujibu karibu kila pigo. Salsa huhesabiwa kwa mapigo manane, na mchezaji hukanyaga mara sita tu: moja, mbili, tatu, kisha tano, sita, saba. Pigo la nne na la nane hayana hatua mpya. Mgeni mwenye haraka huyajaza mapengo hayo, na hapo ndipo anapomkanyaga mwenzake. Juu ya hesabu hiyo kuna klave, yaani mapigo matano ya vijiti viwili, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, ambayo ala zote huyafuata hata yanapokuwa hayasikiki. Aidha, miji hutofautiana. Mtindo uliotoka Los Angeles huivunja hatua kwenye pigo la kwanza, ule wa New York kwenye la pili, nao Wakuba huzunguka duara badala ya kwenda na kurudi katika mstari. Kwa hiyo mgeni mwerevu hukaa nyimbo mbili tatu akitazama miguu ya wenyeji kabla ya kunyanyuka.

Suala la adabu ni zito zaidi. Katika kaunti za Homa Bay na Migori, dansi ya usiku inayojulikana na vijana wengi ni disko matanga, inayopigwa kwenye matanga kwa hoja ya kuchangia mazishi. Maafisa wa utawala wameipiga marufuku mara kwa mara, wakiihusisha na mimba za wasichana wa shule na unyanyasaji gizani. Si haki kuulaumu muziki. Kinachokosekana pale ni mwafaka unaoeleweka na wote kuhusu mahali dansi inapokoma, na msichana anayekataa hana mwafaka wa kuegemea.

Ukumbi wa salsa, unapoendeshwa vyema, umejengwa juu ya mwafaka huo. Mtu huomba kwa kunyoosha mkono au kwa neno fupi, awe mwanamume au mwanamke. Anayeombwa anaweza kukataa bila kutoa sababu, na mwombaji huondoka bila kununa. Anayekubali amekubali wimbo mmoja, takriban dakika nne au tano, wala si zaidi. Anayeongoza huashiria kwa kiganja na kwa uzito wa mwili. Hamvuti mwenzake, wala hamfundishi katikati ya sakafu asipoombwa. Wimbo ukiisha hutolewa shukrani, na wawili hao huachana pasipo deni: soda iliyonunuliwa si malipo ya dansi, na dansi si ahadi ya kusindikizana nyumbani. Ndiyo maana hata asiyejua jina la mtu yeyote humo anaweza kucheza na watu kumi usiku mmoja.

Kwa mgeni wa Magunga, basi, ombi la kwanza lielekezwe kwa mtu ambaye ameonekana akicheza na wanagenzi kwa uvumilivu, na aambiwe mapema kwamba mwombaji anajifunza. Hatua ya msingi peke yake yatosha kwa wimbo mzima. Anayetamani kurudia na mwenzi yule yule husubiri nyimbo kadhaa zipite, kwa maana wapo wengine kando ya ukuta wanaongoja zamu.