Je, Wajua? Mkanda ndio unaobeba bastola

Nchini Marekani, wengi wanaotembea na bastola iliyofichwa huiweka ndani ya kiuno cha suruali, na ikiwaumiza hulaumu ala, yaani mfuko wa bastola. Mara nyingi tatizo ni mkanda: ukiwa laini hulegea, bastola ikaning'inia na kuwachoma nyongani kila wakikaa kwenye gari. Mkanda mgumu husambaza uzito kiuno kizima. Ala ya ngozi huzoea umbo la mwili lakini hunywa jasho. Ile ya plastiki ya Kydex, inayofinyangwa kwa joto, hainywi. Hata iwe laini vipi, ala isiyofunika kifyatulio chote haifai kabisa. Ngozi iliyochakaa nayo itupwe: mdomo wake ukikunjika, unaweza kubonyeza kifyatulio bastola inaporudishwa.