MZAZI ASIACHWE PEKE YAKE

Miongoni mwa mambo tuliyorithi kwa wazee wetu, ambayo mji unayafuta pole pole pasipo mtu kuyalilia, ni ule utaratibu wa kumtunza mzazi. Pwani alikaa siku arobaini, akikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, huku mama yake, shangazi au jirani akishika jiko. Uchagani alipikiwa mtori, naye akakaa ndani hata miezi mitatu. Kazi zake zilikuwa mbili tu: kunyonyesha na kulala.

Leo tazameni Manzese au Mbagala. Mke wa mfanyakazi ametoka hospitali jana. Mama yake yuko Kigoma, mume amerudi kazini, na mpangaji wa chumba cha pili hana habari. Siku ya tatu mzazi yuko bombani akiinua ndoo.

Sheria imefanya sehemu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama mwajiriwa likizo ya malipo isiyopungua siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Siku tatu! Hata kitovu cha mtoto hakijadondoka. Na mama lishe, asiye na mwajiri, atamwomba nani likizo?

Twastaajabu, maana watu wetu si wachoyo. Mtu akifiwa, turubai husimama kabla ya jua kutua na daftari la rambirambi likafunguliwa. Harusi ina kamati, mwenyekiti na mweka hazina. Basi kwa nini vyama vyetu vya kufa na kuzikana visiandike katika kanuni zao kumtunza mzazi pia?

Hatusemi kila la kale lirudi. Maji ya moto kupita kiasi huunguza, na kitovu hakitaki majivu wala samadi. Damu nyingi, homa, kifafa au kichwa kuuma sana ni mambo ya kukimbiza hospitali, usiku au mchana. Shirika la Afya Duniani lashauri mama na mtoto wachunguzwe katika saa 24 za kwanza, kisha siku ya pili au ya tatu, katika wiki ya pili, na tena wiki ya sita. Nani atambeba mtoto na kumsindikiza mama aliyechoka, kama si jirani? Tena iko huzuni ya uzazi, ambayo ni ugonjwa wala si kiburi; anayeingia chumbani kila siku ndiye huiona mapema.

Na tuanze na kidogo. Nyumba tano zishike zamu kwa siku arobaini: huyu achote maji, yule alete uji, na mweka hazina awe na nauli ya usiku mkononi. Wanaume nao waandikwe katika zamu hiyo, kwani kufua nepi si aibu; na atakayekataa aseme mbele ya kikao.