Crich, Mahali Tramu Zinapoendelea Kutembea

Tramu ni gari la abiria linalopita juu ya reli zilizolazwa katika barabara za mji, ambalo hapo awali lilivutwa na farasi na baadaye likaendeshwa kwa umeme unaotoka kwenye waya uliotandazwa juu ya njia. Magari hayo yaliwahi kuenea katika miji mikubwa ya Uingereza, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia mabasi na motokaa yalichukua nafasi yake, hata London ikaziondoa tramu zake za zamani mwaka 1952 na Glasgow ikafanya hivyo mwaka 1962.

Mwaka 1948, wapenzi wachache wa tramu waliokwenda Southampton kuziaga za mji huo walinunua gari namba 45 kwa pauni 10, ingawa hawakuwa na mahali pao pa kulihifadhi. Kutokana na ununuzi huo, ambao wengi wangeuona wa kipuuzi, kilizaliwa chama cha kuhifadhi tramu mwaka 1955, na mwaka 1959 chama hicho kikapata machimbo ya mawe ya chokaa yaliyoachwa katika kijiji cha Crich, Derbyshire, ambako George Stephenson, mhandisi maarufu wa reli, aliwahi kujenga njia ya kusafirishia mawe. Watu wa kujitolea walilaza reli upya, farasi akawavuta wageni wa kwanza mwaka 1963, na mwaka uliofuata umeme ukaanza kazi.

Thamani kubwa ya makumbusho yaliyozaliwa hapo ni kwamba magari yake hayatazamwi tu, bali hupandwa. Mlangoni mgeni hupewa peni ya zamani, sarafu iliyoondolewa katika matumizi mwaka 1971, naye humkabidhi kondakta kama nauli. Dereva hana usukani, kwa kuwa reli ndizo zinazoliongoza gari. Kwa mkono mmoja huzungusha mpini wa kuongeza umeme hatua kwa hatua, ili gari lisiondoke kwa kishindo, na kwa mkono wa pili hushika breki. Njia inapokwisha gari haligeuzwi: kondakta huuzungusha mlingoti wa paani unaogusa waya, migongo ya viti ikasukumwa upande wa pili, na nyuma ikawa mbele. Mambo hayo hayaelezeki kikamilifu kwa gari lililosimama nyuma ya kamba.

Mombasa nayo, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na reli nyembamba ambazo juu yake vigari vya abiria vilisukumwa na watu, kwa hiyo msomaji wa pwani hatakuwa mgeni kabisa wa habari hii. Atakayejaliwa kufika Crich asiharakishe, kwani tikiti moja humruhusu kupanda tena na tena siku nzima, na siku isiyo na mvua yafaa achague gari lenye ghorofa ya juu isiyo na paa.