Damu ya mtu mmoja, wagonjwa watatu: mashine ya kutenganisha damu ilitoka wapi?

Kila tunapozungumzia uchangiaji damu kwenye kipindi chetu cha afya, swali moja halikosekani. Msikilizaji mmoja wa upande wa Magugu alilituma kwa ujumbe mfupi hivi: "Nimeambiwa damu yangu moja inagawanywa mara tatu. Je, wanaiuza mara tatu?"

Ni swali zito. Mtu akiamini kwamba damu yake inafanyiwa biashara hatarudi kuchangia. Asiporudi, atakayeumia ni mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Kwa hiyo tumeona tuliandikie majibu marefu kuliko yale tunayoweza kutoa hewani kwa dakika tano.

Kwa kifupi, ndiyo, damu hugawanywa, na haigawanywi ili iuzwe. Inagawanywa kwa sababu damu si kitu kimoja.

Ndani ya mfuko wa damu kuna nini?

Mtu mzima anapochangia, hutolewa takriban mililita 450, pungufu kidogo ya nusu lita. Damu hiyo ikiachwa itulie bila kuganda, itajitenga yenyewe. Juu hubaki majimaji ya rangi ya manjano yanayoitwa plazma. Hayo ni zaidi kidogo ya nusu ya damu yote. Chini hutuama chembe nyekundu, ambazo kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni. Katikati kuna utando mwembamba, mweupe, ambao ndani yake kuna chembe nyeupe zinazopambana na magonjwa na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda mtu akijikata.

Wagonjwa nao hawahitaji vitu sawa. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria anahitaji hasa chembe nyekundu. Mwili wake mdogo hauna haja ya majimaji mengi, na yakizidi yanaweza kuuelemea moyo. Mama aliyetokwa na damu mpaka damu yake ikakataa kuganda anahitaji pia plazma, kwa sababu ndani yake kuna protini za kugandisha. Mgonjwa wa saratani ya damu anayevuja damu kwenye fizi anaweza kuhitaji chembe sahani tu.

Hata utunzaji wake hutofautiana. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu la nyuzi joto 2 hadi 6, na hudumu siku 35 au zaidi kidogo kulingana na dawa iliyowekwa kwenye mfuko. Plazma hugandishwa kuwa barafu na inaweza kukaa mwaka mzima. Chembe sahani hazitaki baridi kabisa. Hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 24 huku zikitikiswa taratibu usiku na mchana, na baada ya siku 5 hivi muda wake umekwisha.

Vyote hivyo vikibaki ndani ya mfuko mmoja, huwezi kukipa kila kimoja matunzo yake. Ndiyo sababu damu hutenganishwa. Ila tuseme ukweli: ule usemi kwamba mtu mmoja anaokoa watatu una mipaka yake. Chembe sahani za mchangiaji mmoja zinaweza kumtosha mtoto mdogo, lakini mtu mzima huhitaji za wachangiaji wanne hadi sita. Na pale mtu anapotokwa na damu nyingi kwa ghafla, damu nzima isiyotenganishwa bado inaokoa maisha.

Ilianza na maziwa

Wafugaji wetu wa Hanang na Mbulu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Maziwa yakilala kwenye chombo, asubuhi unakuta mafuta yamepanda juu. Kilicho chepesi hupanda, kilicho kizito hushuka. Tatizo ni kwamba inachukua usiku mzima.

Mwaka 1878 mhandisi wa Sweden, Gustaf de Laval, alitengeneza mashine ya kuzungusha maziwa kwa kasi ili mafuta yatoke papo hapo, tena mfululizo, maziwa yakiingia huku na mafuta yakitoka kule. Siri yake unaijua kama umewahi kupanda basi linalokwea mlima wa Dareda kwenda Bashnet. Likikata kona, abiria wote mnasukumwa upande wa nje. Kona ikiwa kali na mwendo ukiwa mkubwa, msukumo nao unaongezeka. Sasa fikiria kona isiyokwisha, inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Vitu vizito vinabanwa ukutani, vyepesi vinabaki karibu na katikati.

Mashine ya namna hiyo wataalamu huiita sentrifuji. Katika benki ya damu, mifuko hupangwa ndani yake ikiwa imefungwa vizuri, huzungushwa kwenye baridi, kisha plazma hukamuliwa taratibu kwenda kwenye mfuko mwingine uliounganishwa kwa mrija. Damu haigusani na hewa ya nje hata kidogo.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka Marekani. Edwin Cohn, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa amepata sifa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kutenganisha protini zilizomo ndani ya plazma. Baada ya vita alitaka mashine itakayotenganisha damu moja kwa moja inapotoka kwa mchangiaji, akachukua wazo lile lile la mashine ya maziwa. Mashine ilifanya kazi, lakini ilikuwa ya chuma. Kila baada ya mtu mmoja ilibidi ifunguliwe, ioshwe na kuchemshwa upya. Cohn alifariki mwaka 1953 kazi ikiwa haijakamilika.

Aliyeiendeleza hakuwa daktari. Alikuwa mhandisi wa mitambo, Allen Latham, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshughulikia mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa. Latham alitengeneza bakuli la plastiki lenye umbo la kengele. Damu huingia katikati, bakuli linazunguka, chembe nyekundu zinabanwa pembeni, plazma inatokea juu. Kazi ikiisha bakuli linatupwa, na mchangiaji anayefuata anapata jipya. Mwaka 1971 alianzisha kampuni ya Haemonetics, na bakuli hilo likaenea katika hospitali nyingi duniani. Kwa njia hiyo mchangiaji anaweza kutoa plazma au chembe sahani peke yake, na chembe zake nyekundu zikarudishwa mwilini hapo hapo.

Baba aliyeomba ruhusa kazini

Miaka ya 1960 kulikuwa na mhandisi mwingine, George Judson, mwajiriwa wa kampuni ya kompyuta ya IBM. Mwanawe alikuwa na saratani ya damu na alitibiwa katika taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Judson aliona jinsi madaktari walivyohangaika kutenganisha damu mfuko kwa mfuko, akawaambia kwamba kazi hiyo mashine inaweza kuifanya. Kampuni yake ikampa nafasi, akashirikiana na daktari Emil Freireich. Kufikia mwaka 1965 walikuwa na mashine iliyotoa damu kwenye mkono mmoja wa mtu, ikachuja inachotaka, na kurudisha iliyobaki kwenye mkono wa pili.

Tunamtaja kwa sababu ya namna alivyoanza. Hakusomea udaktari. Alikuwa mzazi aliyekaa kando ya kitanda cha mtoto wake, akatazama kazi inavyofanyika.

Mashine iliyozuia mlango Uganda

Mashine zote hizo zinataka umeme. Hapo ndipo hadithi inapofika nyumbani kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 2013 mtafiti Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford alitembelea kituo cha afya nchini Uganda. Alikuta sentrifuji ikitumika kuzuia mlango usijifunge. Haikuwa na kazi nyingine, kwa kuwa umeme haukuwepo.

Aliporudi Marekani, yeye na mwenzake Saad Bhamla walianza kujaribu vitu vya kuchezea watoto vinavyozunguka. Kimoja mnakijua nyote: kizibo cha soda kimepondwa kikawa bapa, kimetobolewa matundu mawili, uzi umepitishwa. Unauvuta na kuulegeza, kizibo kinalia vuuu, vuuu. Walipokipiga picha kwa kamera ya kasi, wakagundua kinazunguka haraka kuliko walivyodhani.

Januari 2017 walitangaza kifaa chao walichokiita Paperfuge. Ni duara la karatasi, nyuzi na vishikio viwili. Kina uzito wa gramu 2 na gharama yake ni senti 20 za Marekani. Kwa nguvu za mikono tu kilifikia mizunguko 125,000 kwa dakika. Tone la damu ndani ya mrija mwembamba lilitengana kwa dakika moja na nusu. Kwa dakika 15, vimelea vya malaria viliweza kutenganishwa ili vionekane kirahisi zaidi kwenye hadubini. Walikwenda pia Madagascar kukijaribu pamoja na wahudumu wa afya wa huko.

Hapa tuwe waangalifu, maana habari za namna hii zikifika kijijini hubadilika. Kifaa hicho ni cha kupima, si cha kuandaa damu ya kumwongezea mgonjwa. Kinaweza kusaidia kujua kama mtu ana upungufu wa damu. Hakiwezi kutenganisha mfuko mzima. Kwa kazi hiyo bado zinahitajika mashine kubwa, umeme usiokatika, jokofu na mtaalamu.

Sisi wa Manyara tuko wapi?

Tanzania ina Mpango wa Taifa wa Damu Salama wenye vituo vya kanda, na sisi tuko Kanda ya Kaskazini ambayo kituo chake kiko Moshi. Kutoka Babati mpaka Moshi ni karibu kilomita 250, kupitia Arusha.

Weka umbali huo pamoja na yale tuliyoeleza juu. Plazma nzuri hupatikana damu ikitenganishwa ndani ya saa chache, kwa kawaida saa 6 hadi 8. Damu iliyochangiwa Babati mjini inaweza kuwahi. Iliyochangiwa kijiji cha mbali Kiteto au Simanjiro, barabara inakula saa zake. Na chembe sahani zenye siku 5 tu, ukitoa siku za vipimo na safari, zinabaki na siku ngapi za kumsubiri mgonjwa?

Majirani zetu wa Rwanda walijibu tatizo la barabara kwa njia ya anga. Tangu Oktoba 2016, ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zimekuwa zikipeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Damu inatenganishwa na kutunzwa kituo kikuu, na hospitali ikihitaji, mzigo unashushwa kwa mwavuli. Hospitali ndogo haina haja ya kuwa na kila kitu kwenye jokofu lake.

Lakini hakuna ndege wala mashine inayotengeneza damu. Desemba 3, 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh, watu zaidi ya 100 walijeruhiwa kwa asubuhi moja. Siku kama hiyo damu inayosaidia kwanza ni ile iliyochangiwa wiki iliyopita, ikapimwa, ikahifadhiwa.

Sasa tujibu swali

Msikilizaji wetu wa Magugu, damu yako ikigawanywa mara tatu, inawafikia watu watatu wenye mahitaji tofauti, badala ya mmoja kupewa vyote na viwili visimsaidie. Kabla ya hapo inapimwa Virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kazi hiyo ina gharama, lakini damu haiuzwi. Ukitakiwa kulipia damu, usilipe kimyakimya mlangoni. Omba maelezo kwa uongozi wa hospitali, na ulizia risiti inasema nini.

Anayeweza kuchangia ni mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume anaweza kurudia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kunywa maji ya kutosha, kula kabla ya kwenda, na mweleze mhudumu ukweli wote kuhusu afya yako.

Ukifika, angalia mfuko utakaowekewa damu yako. Ukiona kuna mifuko mingine mitupu imeunganishwa nao kwa mirija, sasa unajua ni ya nini.