Inchaji wa Wodi Asihesabiwe Kwenye Zamu

Muuguzi akisifika kwa kupata mshipa wa mtoto mchanga mara ya kwanza, au kwa kung'amua kuwa mgonjwa anabadilika kabla wengine hawajashtuka, zawadi yake mara nyingi huwa funguo. Anaambiwa kuanzia Jumatatu yeye ndiye inchaji wa wodi, anakabidhiwa kabati la dawa, daftari la ripoti na rosta iliyojaa kukatwakatwa, na kazi imeanza. Namna ya kumkanya mwenzake waliyesoma darasa moja, au ya kumwambia daktari kwamba dozi aliyoandika imezidi, atajua mwenyewe. Juu ya hayo, jina lake linabaki kwenye hesabu ya zamu: ana sindano zake na vidonda vyake vya kusafisha kama jana. Tukilalamika kwamba wodi zetu hazina viongozi, tunakimbilia kuandaa semina. Naamini tunachomnyima inchaji kwanza ni muda wa kuongoza.

Uingereza iliwahi kulichunguza jambo hili kwa uchungu. Wagonjwa wa Hospitali ya Stafford walitelekezwa, wengine wakikosa hata maji ya kunywa, na uchunguzi ulioongozwa na Robert Francis ukatoa ripoti yake Februari 2013. Kati ya mapendekezo 290 limo moja linalowahusu mainchaji: wawe wasimamizi, wasifungiwe ofisini, na wasigeuzwe nguvu kazi ya zamu isipokuwa kwa dharura. Wajue mpango wa matibabu wa kila mgonjwa, na waonekane wodini.

Kuonekana huko ndiko shule yenyewe. Tazama makabidhiano ya asubuhi. Wa usiku, macho mazito, anasoma daftarini, "Kitanda namba 6, hali nzuri," na wa asubuhi anaitikia huku akivaa aproni. Inchaji mwenye nafasi huwachukua wote wawili hadi kitandani. Anafunua shuka, anaangalia mfuko wa mkojo, anauliza umemwagwa saa ngapi na mbona haujaandikwa. Hagombi. Anasubiri jibu, kisha anamwachia kijana aseme mwenyewe kinachofuata. Kwa dakika tatu amefundisha, amekagua, na yeye mwenyewe amejifunza kuuliza bila kudhalilisha, jambo ambalo halipatikani kwenye slaidi za ukumbini.

Kuna pingamizi zito: wauguzi hawatoshi, kumtoa mmoja ni kuwaonea wagonjwa. Ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya, ulionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa wagonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Sithubutu kuipuuza hesabu hiyo. Lakini upungufu una mlango wa pili, nao ni wanaoondoka. Marekani ilipobanwa na uhaba kama huu, utafiti wa mwaka 1983 ulizitafuta hospitali zilizofaulu kuwavuta wauguzi na kuwabakiza, ukazitaja 41. Miongoni mwa sifa zao ilikuwa viongozi wa uuguzi wanaofikika, na wauguzi wanaoshirikishwa katika maamuzi. Inchaji aliyelemewa na sindano hawezi kumsikiliza anayefikiria kuomba uhamisho, na akiondoka huyo, mzigo unawarudia waliobaki.

Wapo wanaosema uongozi ni kipaji. Huenda kwa wachache, ila hatuajiri wauguzi tukitarajia wazaliwe wakijua kushika sindano.

Hospitali isiyoweza kumwachia inchaji siku nzima ianze na asubuhi, tangu makabidhiano hadi raundi ya madaktari iishe. Jina lake liandikwe juu ya rosta, nje ya hesabu ya zamu, na metroni ashuke wodini mara moja kwa wiki, atembee naye kitanda kwa kitanda, kisha wakae wazungumze: leo umemkosoa nani, na umemkosoaje?